Tabaka moja la sumaku: anza na mhimili wa spini

Ndugu uliyeuliza kama inatosha kutafuta kwa kompyuta tabaka ambalo spini za atomu zake (usumaku mdogo wa elektroni, kama sindano ndogo ya dira) zimeshikamana kwa nguvu kuliko yote, ili upate sumaku ya spintroniki (elektroniki inayotumia spini badala ya chaji pekee) inayodumu kwenye joto la kawaida: haitoshi, na mimi nilipoteza miezi mitatu kabla ya kulielewa hilo.

Nilianza na kromiamu yenye iodini, ambayo mwaka 2017 ilipimwa ikiwa tabaka moja tu na kuonekana kubaki sumaku hadi kelvini 45, yaani takriban nyuzi 228 za Selsiasi chini ya sifuri. Nilikokotoa nguvu ya mshikamano kati ya kromiamu na jirani zake, nikaitia katika fomula ya wastani, inayochukulia kwamba kila spini huhisi wastani tu wa jirani zake, nikapata jotoridi zaidi ya mara mbili ya lile lililopimwa. Sababu ni kwamba fomula hiyo haihesabu mawimbi ya spini: wanafizikia Mermin na Wagner walikwisha kuonyesha mwaka 1966 kwamba katika bapa, spini zikiwa huru kuelekea kokote, hata joto dogo huzusha mawimbi marefu yasiyogharimu karibu nishati yoyote, na mpangilio wote ukavurugika. Kinacholiokoa tabaka ni spini kupendelea mhimili mmoja, kwa kuwa upendeleo huo huweka kizingiti ambacho mawimbi hayo hulazimika kukivuka. Hapa kizingiti hutoka zaidi kwenye iodini, kwa sababu ni atomu nzito. Ukiweka klorini mahali pake, spini hulala ndani ya bapa badala ya kusimama.

Kwa hiyo kokotoa nishati mara mbili, spini zikiwa zimesimama na zikiwa zimelala, kisha utoe moja kwa nyingine: tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha upendeleo wa mhimili. Usiku mmoja, chumbani kwangu Kisauni, niliziweka namba hizo mbili sambamba katika kipimo cha nishati kiitwacho Rydberg: zilifanana mpaka desimali ya tatu, zikaachana kwenye ya nne. Nami nilikuwa nimeiruhusu programu isimame mabadiliko ya nishati kati ya duru moja ya hesabu na nyingine yakishuka chini ya 0.0001, maana yake kosa langu lilikuwa kubwa sawasawa na kitu nilichokuwa nikikipima! Kaza kiwango hicho kwanza, hata kama hesabu itachukua usiku mzima.

Usisahau hewa pia. Tabaka hili huharibika haraka likiguswa na unyevu, na sisi tunaoona nondo za madirisha zikiliwa na chumvi ya bahari tunajua maana yake. Maabara hulifungia ndani ya gesi isiyoathiri na kulifunika kwa nitraidi ya boroni.

Baada ya hapo jaribu mchanganyiko wa chuma, jemaniamu na teluriamu, ambao tabaka lake moja hufika takriban kelvini 130. Huo ni metali inayopitisha umeme, kwa hiyo hauwezi kuwa kizuizi chembamba ambacho elektroni hupenya, kazi ambayo kromiamu yenye iodini huifanya vizuri sana ikiwekwa kati ya matabaka ya grafini (kaboni yenye unene wa atomu moja).

Ukipata namba zako mbili, ziweke hapa pamoja na kiwango ulichosimamishia hesabu, nizilinganishe na zangu.