Koma za Kingereza: maswali yenu wiki hii

Mwalimu, praimari tulifundishwa koma unaweka pale unapopumua. Ni kweli? (Msomaji, Arua)

Hapana ndugu yangu, na hiyo ndo imetuharibia wengi. Pumzi inasaidia kidogo tu. Angalia hii: "The children who came from Arua yesterday, are sleeping." Ukiisoma kwa sauti unapumua baada ya yesterday, lakini koma hapo ni kosa, juu imekata katikati ya mwenye kutenda na kitendo chake. Nadhani shida inatoka kwa Kiswahili chetu. Sisi tukisema "Watoto waliokuja jana kutoka Arua, wamelala", ile wa- ya wamelala inawarudisha watoto kwa mkono, hata ukituliza sauti hapo kati hakuna mtu anapotea. Kingereza hakina hiyo wa-, kwa hivyo mtendaji na kitendo lazima washikane, hata sentensi iwe ndefu namna gani. Kabla ya kuweka koma jiulize nani anafanya na anafanya nini, usiwatenganishe. Koma mbili zinazofunga maneno ya pembeni hazina shida, moja peke yake ndo mbaya.

Niliandika kwa barua ya kazi "I finished S6 in Gulu, I am looking for a job", wakaniambia koma imekosewa. Wapi sasa? (Busia)

Dada, "Nimemaliza S6 Gulu, natafuta kazi" ni Kiswahili safi kabisa, ndo maana huoni kosa. Kwa Kingereza sentensi mbili kamili hazifungwi na koma tupu. Weka nukta, ama nukta mkato (;), ama ongeza neno: "I finished S6 in Gulu, and I am looking for a job." Na however haikuokoi, watu wengi wanaitegemea kama but, lakini yenyewe inataka nukta au nukta mkato kabla yake halafu koma baada yake.

Hizi koma za who zinabadilisha maana kweli? (Mbarara)

Sana! "The teachers who were late were not paid": waliochelewa tu ndo hawakulipwa, wengine walipata. "The teachers, who were late, were not paid": wote walichelewa na wote wamekosa mshahara. Koma mbili tu, na staffroom nzima inalala njaa. Kama unaandika minutes za kikao nakuomba usome hapo mara mbili.

Kabla ya and ya mwisho kwa orodha, mnaweka ama hamweki? (Kampala)

"Beans, posho and greens" ni sawa, na "beans, posho, and greens" pia ni sawa. Magazeti mengi ya Uingereza hayaweki, lakini Oxford University Press wanaiweka, ndo maana inaitwa koma ya Oxford. Mimi naiweka. Kule Maine, Marekani, sheria ya ovataimu ilitaja kazi ambazo hazilipiwi ovataimu, na mwisho wa orodha ikaandika "packing for shipment or distribution" bila koma kabla ya or. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst wakasema sisi tunasambaza tu, hatufungashi mizigo, na bila koma hapa kilichotajwa ni kufungasha tu, iwe ya kusafirisha ama ya kusambaza, kwa hivyo ovataimu yetu tulipwe. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaona maneno hayaeleweki vizuri, ikawapa madereva, na 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5 kumaliza kesi.

"Dear Sir" inataka koma? (Lira)

Ukiweka hapo, weka na kwa "Yours faithfully". Ukiacha, acha zote.

Nataka keki ya mama iandikwe "Happy birthday Mama". Iko sawa? (Jinja)

Unamuita mama, basi koma kabla ya jina lake: "Happy birthday, Mama". Mwambie mwenye keki mapema aachie nafasi, na mama tumpe hongera.