Trela kali, muvi yenyewe hamna kitu

SWALI: Habari zenu wahariri, mi mpenzi wa muvi toka utotoni ila siku hizi kila ninayoisubiria kwa hamu inaniangusha. Trela naangalia hadi naikariri, asilimia za wachambuzi naona tisini na kitu, siku ikifika nusu saa tu nishashika simu. Alafu ile nliyoikuta mtu anaangalia, hata jina siijui, ndo inanikosha. Tatizo ni mimi au muvi zimeshuka? – Msomaji aliyekata tamaa

JIBU: Pole sana ndugu yetu, wewe huna tatizo lolote. Trela haitengenezwi ikueleze muvi ikoje, inatengenezwa ili ununue tiketi, na mara nyingi anayeitengeneza sio mwongozaji ni kampuni nyingine kabisa inayolipwa kwa kazi hiyo tu, tena muvi yenyewe bado inahaririwa, ndo maana unaona kipande kizuri kwenye trela ukija kwenye muvi hakipo. Kuna watu wawili Marekani walikodi muvi ya Yesterday ya 2019 kwa sababu walimwona mwigizaji Ana de Armas kwenye trela, kumbe sehemu yake yote ilishatolewa! Wakashtaki, na Desemba 2022 jaji akasema trela ni tangazo la biashara kwahiyo sheria za matangazo ya uongo zinaweza kuigusa. Mi naona alisema kweli kabisa, mtu katoa hela yake kwa kuamini alichoonyeshwa.

Na hizo asilimia, kama ni za Rotten Tomatoes, ule mtandao unaokusanya maoni ya wachambuzi, sio maksi. 90 maana yake katika kila wachambuzi 100, 90 wameona inafaa, hata yule aliyesema "sio mbaya" yumo humo humo. Kwahiyo muvi ya kawaida tu isiyomuudhi mtu inaweza kupata 95, na ile ambayo nusu ya watu wanaipenda kufa na nusu hawataki hata kuisikia inabaki 50 na kitu, na inawezekana wewe uko kwenye ile nusu inayoipenda. Bora utafute mchambuzi mmoja mnayependa vitu vinavyofanana umfuate huyo.

Ila kikubwa zaidi ni ile miezi ya kusubiri. Unasubiri huku unajitungia muvi yako kichwani, nani atakufa, nani atarudi, na hakuna mwongozaji atakayeshindana na hiyo. Ile uliyoikuta kwa bahati tu ilikukosha kwa sababu hukuwa umeitungia chochote. Kwahiyo trela angalia ya kwanza tu, zile zinazofuata huwa zinamwaga stori. Na ile iliyokuangusha usiifute, iache mwaka alafu iangalie tena. Blade Runner ilivyotoka 1982 haikuuza vizuri kabisa, wengi walienda wakitegemea Harrison Ford wa mapigano wakakuta muvi ya polepole yenye huzuni, leo inahesabiwa kati ya muvi kubwa za sayansi ya kubuni na hakuna aliyewabadilishia steringi.

SWALI: Rafiki yangu ananikatalia kuzima muvi katikati, eti mwisho ndo mtamu. Yuko sahihi?

JIBU: Hapana. Muvi ya masaa mawili ina muda wa kutosha kukushika kabla ya mwisho, zima bila wasiwasi, mwambie amalizie yeye akusimulie.