Sindano hazikuniponya mgongo, zilinipa nafasi

Mgongo ulikuwa umenisumbua miezi saba nilipokubali kuchomwa sindano za akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchoma sindano nyembamba mwilini. Kuinama nifunge kamba za viatu nilikuwa siwezi, na kutoka kitandani ilibidi nibingirike kwanza ubavu, kisha nijisukume kwa mkono. Vidonge vilituliza kwa saa chache, halafu kiuno kikadai chake. Mazoezi nilikuwa nimepewa, na yalikuwa mazuri tu. Shida ni kwamba kila nilipoyaanza msuli ulikaza, nikaishia kulala chali sakafuni nikiangalia dari.

Tangu nianze kusimulia habari hii, swali la kwanza ninaloulizwa ni lile lile: inauma?

Sindano ya akupancha si ile ya hospitali. Ya hospitali ina tundu kwa sababu inapitisha dawa. Hii haina tundu wala dawa, na unene wake ni kama robo ya milimita, nyingine hata chini ya hapo. Ikipenya ngozi utahisi kama umeumwa na mbu, au usihisi chochote. Kinachoshangaza huja baadaye kidogo: uzito fulani, kama mtu anakukandamiza kwa kidole gumba ndani kabisa ya nyama. Wachina huita hali hiyo de qi, na wataalamu wengi huitafuta makusudi. Lakini ukisikia moto, au kitu kama shoti ya umeme inayokimbia mguuni, hiyo si ya kuvumilia. Sema hapo hapo. Mimi siku ya kwanza nilinyamaza kwa aibu, nikarudi nyumbani nimevilia damu kiunoni.

Mtaalamu huyo wa kwanza sikurudi kwake, na si kwa sababu ya damu kuvilia. Hakuniuliza ninatumia dawa gani, alitaka nilipie safari 20 za kuchomwa kwa mkupuo, na akaniambia niache dawa zote za hospitali. Ukikutana na mtu wa namna hiyo, chukua viatu vyako uondoke.

Wa pili alitumia karibu nusu saa kuuliza tu. Je, natumia dawa za kuzuia damu kuganda? Nina kifaa cha moyo? (Sindano nyingine huunganishwa na umeme mdogo, ndiyo maana.) Niliwahi kuzimia nikichomwa sindano? Mwanamke angeulizwa pia kama ana mimba, kwa sababu kuna sehemu wataalamu huziepuka. Kisha akafungua pakiti mpya mbele ya macho yangu. Hilo la pakiti usione haya kuliulizia: sindano iliyotumika kwa mwingine inaweza kukuambukiza homa ya ini. Na sehemu za kifuani zinahitaji mkono uliosomea, kwani sindano ikizama mno inaweza kutoboa pafu. Ni nadra, ila imewahi kutokea.

Sasa, inafanya kazi kweli? Utafiti ulionifungua macho ulifanyika Ujerumani na ukachapishwa 2007. Wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya kiuno waligawanywa makundi matatu. Baada ya miezi sita, waliopata nafuu kwa akupancha halisi walikuwa asilimia 47.6. Waliochomwa sindano za kuzuga, juu juu na pasipo sehemu rasmi, asilimia 44.2. Waliopewa matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi, asilimia 27.4. Wapinzani hushika namba mbili za kwanza, mashabiki hushika ya kwanza na ya mwisho. Mimi nilishika zote tatu: mahali hasa pa kuchoma huenda hapana uzito tunaoambiwa, lakini waliochomwa, kwa namna yoyote ile, walipata nafuu kuliko wasiochomwa. Kwa mtu asiyeweza kufunga viatu, hiyo ilitosha kujaribu.

Kujaribu kwa kipimo lakini. Nchini Marekani, Medicare, bima ya serikali inayohudumia hasa wazee, tangu 2020 hulipia hadi safari 12 ndani ya siku 90 kwa maumivu ya kiuno yaliyodumu wiki 12 au zaidi, na huongeza 8 endapo tu mgonjwa anaonyesha nafuu. Kanuni hiyo niliiazima. Nikanunua daftari, kila jioni nikaandika maumivu kwa alama 0 hadi 10, na kitu kimoja nilichoweza au nilichoshindwa kufanya siku hiyo.

Safari mbili za mwanzo daftari halikubadilika. Baada ya ya tatu nililala hadi asubuhi bila kuamka. Nafuu ikadumu siku moja na nusu, ikaisha, na hapo ndipo nilipoelewa kazi ya sindano kwangu. Ile siku moja na nusu ndiyo ilikuwa dawa, kama ningeitumia. Siku ya kuchomwa nilipumzika (nenda umekula, ukiwa na njaa unaweza kuzimia), kesho yake asubuhi nikatembea dakika 10 na kufanya yale mazoezi yaliyokuwa yakinishinda. Msuli haukukaza.

Baada ya safari ya tano nilijiona nimepona, nikanyanyua kabati. Wiki mbili zikapotea.

Kuna watu wasianzie kwenye sindano kabisa. Kama mgongo unauma na umeanza kushindwa kuzuia haja, mguu unaishiwa nguvu, au kuna ganzi katikati ya mapaja, hiyo ni hospitali leo, si kesho. Maumivu yenye homa, au yanayoambatana na kukonda bila sababu, nayo yaanzie kwa daktari.

Mimi niliacha baada ya safari ya tisa, daftari likisoma 2 kwa wiki tatu mfululizo. Mazoezi bado nayafanya kila asubuhi. Nikiyaruka siku tatu, ya nne naamka kwa kubingirika.