Kabla ya kugusa ruta, uliza bloki yako ya IP inakufikiaje

Mara ya kwanza kukabidhiwa bloki ya anwani za IP za kudumu, mtoa huduma alinitumia mistari mitatu tu: bloki yenyewe, lango (anwani ambayo data hupitia kwenda nje), na seva za DNS (zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani). Nikaiweka bloki upande wa ndani wa ruta, nikaipa seva anwani mojawapo, nikawasha. Ruta ilikuwa inapata intaneti vizuri na seva ilikuwa inaiona ruta, lakini kutoka nje hakuna aliyeweza kuifikia seva hiyo. Nilikesha nayo. Nilibadilisha kebo, nikazima fayawoli, nikarudisha ruta kwenye mipangilio ya kiwandani na kuanza upya. Tatizo halikuwa kwenye lolote kati ya hayo.

Kuna njia mbili za kuletewa bloki, na kila njia ina usanidi wake.

Tuchukue mfano wa 203.0.113.8/29. (Anwani hizi zimetengwa kwa ajili ya mifano, usiziweke kwenye ruta yako.) Bloki ya /29 ina anwani 8, na maski yake ni 255.255.255.248. Ya .8 ni ya mtandao wenyewe na ya .15 ni ya kutangazia kwa wote, kwa hiyo zinabaki 6. Mtoa huduma akichukua .9 iwe lango, wewe unabaki na 5, kuanzia .10 hadi .14.

Katika njia ya kwanza, lango hilo la .9 liko kwenye kifaa cha mtoa huduma, na ruta yako inakaa ndani ya bloki hiyohiyo, tuseme kwa .10. Pakiti (kipande cha data) ya kwenda .12 ikifika, kifaa cha mtoa huduma hakijui kwamba .12 iko nyuma ya ruta yako. Kinauliza kwenye waya kwa ARP (swali la "nani ana anwani hii?"), na asipojibu mtu, pakiti inatupwa. Katika njia ya pili unapewa anwani nyingine ya kiungo, mara nyingi kutoka kwenye /30 (bloki ndogo ya anwani 4), kisha bloki nzima inaelekezwa kwenye anwani hiyo. Hapo hakuna cha kuulizana. Kila pakiti ya bloki inaletwa kwenye ruta yako, nawe unaweza kuiweka bloki kwenye tundu lake la pekee, ruta ikawa lango la .9 na seva zikabeba zilizobaki.

Mimi nilikuwa nimeletewa kwa njia ya kwanza nikasanidi kwa njia ya pili. Niligundua alfajiri, nilipowasha tcpdump (programu ya kuonyesha pakiti zinazopita) kwenye tundu la nje. Mstari uleule ulikuwa unajirudia: nani ana 203.0.113.12, mwambie 203.0.113.9. Ruta yangu ilikuwa inalisikia swali na kunyamaza, kwa sababu upande ule ilijua anwani moja tu.

Dawa ilikuwa kuziongeza .11 hadi .14 kama anwani za ziada kwenye tundu la nje, kisha kufunga kila moja na seva yake ya ndani kwa NAT ya moja kwa moja, yaani ruta inageuza anwani moja ya umma kuwa moja ya ndani: .12 iende 192.168.50.12, na kuendelea. Unaweza pia kutumia proksi ARP (ruta inajibu swali la ARP kwa niaba ya seva) na kuiachia seva ibebe anwani ya umma yenyewe, lakini mimi napendelea NAT. Seva ikifa, nahamishia anwani kwenye nyingine kwa kubadilisha mstari mmoja kwenye ruta.

Angalia sana safari ya kutoka. Seva ya barua pepe inaweza kupokea kupitia .12 huku inatuma kwa .10, kwa sababu kanuni ya NAT ya jumla imewekwa juu ya kanuni yake. Rekodi ya SPF (orodha ya anwani zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa chako) inasema .12, wapokeaji wanaona .10, na barua zinaishia kwenye taka au zinakataliwa. Weka kanuni ya seva juu ya ile ya jumla. Rekodi ya PTR (inayotaja jina la anwani) kwa kawaida huwekwa na mtoa huduma, kwa hiyo mwombe siku ileile.

Ukibadilisha ruta, unaweza kukuta anwani kuu inafanya kazi na zile za ziada zimekufa. Kifaa cha mtoa huduma bado kinakumbuka anwani ya MAC (namba ya tundu lenyewe la mtandao) ya ruta ya zamani, na vifaa vingine hukumbuka kwa saa 4. Usianze kuvuruga usanidi ulio sahihi. Tuma ARP ya kujitangaza kwa kila anwani, au umpigie mtoa huduma afute kumbukumbu hiyo.

Modemu iwe kwenye hali ya daraja (ipitishe pakiti tu bila kufanya NAT), la sivyo utakuwa na NAT mbili zinazogombana.

Kuhusu fayawoli, NAT ya moja kwa moja isikufanye ufungue kila kitu. Anwani ya umma huanza kupapaswa na roboti mapema sana. Nafungua milango ya huduma (poti) ninayoihitaji tu, kwa mfano 443 ya tovuti salama, na ukurasa wa kusimamia ruta haufunguki kutoka nje hata kidogo.

Jaribu kwa simu yenye data yake, si kwa Wi-Fi ya hapohapo. Ukiita anwani ya umma ukiwa ndani, ruta nyingi hazigeuzi pakiti kurudi ndani bila kanuni maalumu, na utadhani kazi imeharibika wakati iko sawa.

Anwani ya .14 siku hizi siipi seva yoyote. Mtandao ukisumbua, naiweka kwenye kompyuta mpakato, naichomeka moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoa huduma, na baada ya dakika mbili najua nimpigie yeye au nirudi kwenye ruta yangu.