Taa ya kale ya kupanda na kushuka: chunguza mizani yake kabla ya uzuri wake

Wanaoniomba ushauri kuhusu taa za kale za dari hunitumia picha ya kofia ya taa. Kioo cheupe cha maziwa chenye ukingo wa mawimbi, shaba iliyonakshiwa maua, bati la kijani la miaka ya 1950. Zote nzuri. Mimi huwarudishia swali moja: ukiivuta chini ukaiachia, inabaki pale pale ulipoiacha?

Taa ya aina hii ni mizani. Upande mmoja kuna kofia na globu, upande wa pili kuna jiwe la uzito, na katikati kuna kapi moja au zaidi. Pande mbili zikilingana, mtoto ataishusha kwa kidole. Zisipolingana, hata ukiinunua ghali namna gani, utaishia kuifunga kwa uzi, na taa iliyofungwa uzi haina tena sababu ya kuwa na kapi.

Mtambo huu ulitokana na mafuta ya taa. Huko Ulaya, nusu ya pili ya karne ya 19, taa iliyoning'inia juu ya meza ya kulia ilibidi ishushwe kila siku: ijazwe mafuta, utambi ukatwe, chemni ifutwe, iwashwe, kisha ipandishwe tena. Mafundi wakaifunga kwa minyororo inayopita kwenye kapi, na upande wa pili wakaweka chombo cha shaba au kauri kilichojazwa chembe za madini ya risasi au mchanga. Umeme ulipokuja haja ya kujaza mafuta ikaisha, lakini watu walikuwa wamekwisha kuonja raha ya kusogeza mwanga. Ndiyo maana Wafaransa waliendelea kutengeneza taa za umeme zenye kapi na jiwe la kauri katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na ndiyo maana Marianne Brandt na Hans Przyrembel wa chuo cha usanifu cha Bauhaus, pale Dessau, Ujerumani, mwaka 1926, walibuni taa ya alumini yenye mtambo ule ule, safari hii bila pambo hata moja. Baadaye zikaenea zile zenye springi iliyofichwa ndani ya kikombe cha darini.

Mimi naishi Mji Mkongwe, Unguja, na naamini taa hizi zinazifaa nyumba zetu kuliko hata nyumba zilikotoka. Vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kiasi cha mita 2.5 hadi 3, lakini dari iko juu sana. Taa iliyogandishwa kwenye boriti humulika boriti. Na sisi hatukai sehemu moja tu. Mchana watu wako kwenye viti, jioni ya Ramadhani mkeka umetandikwa na sinia liko chini, usiku mtu anataka kuona tundu la sindano. Taa moja inayoshuka hufanya kazi zote hizo, na hakuna mwanga unaopendezesha futari kama ule ulioshuka karibu na sinia, sura za watu zikiwa zimeangazwa na dari ikibaki gizani.

Basi unapokuwa dukani, iwe kwenye maduka ya vitu vya kale ya mjini kwetu au soko la mitumba Ulaya, omba itundikwe. Usikubali kuonyeshwa ikiwa imelazwa mezani. Ivute hadi chini kabisa, iachie. Ipeleke katikati, iachie. Ipandishe juu, iachie. Lazima itulie mahali pote patatu. Ikipanda yenyewe, huenda kofia ya asili ilivunjika na aliyeiuza ameweka nyepesi zaidi. Ikishuka, kofia ni nzito mno, au jiwe limemwaga kilichokuwa ndani. Haya yote yanatengenezeka, kwa kuwa mawe mengi yana kifuniko cha skrubu na unaweza kuongeza au kupunguza. Mimi hufanya hivyo kwa mchanga mkavu, kijiko baada ya kijiko, taa ikiwa imetundikwa na globu ikiwa mahali pake. Ukikuta chembe za risasi usiziache mikononi mwa watoto, nawe unawe vizuri, maana risasi ni sumu. Zenye springi ni habari nyingine. Springi iliyochoka huteremsha taa taratibu usiku kucha, na kupata nyingine ya kipimo hicho ni kazi. Hizo mimi huziacha dukani.

Taa za mafuta zilizogeuzwa kuwa za umeme zina tatizo lake, na wauzaji wengi hawalitaji. Jiwe lilipangwa kubeba tangi lenye mafuta. Lita moja ya mafuta ya taa ina uzito wa karibu gramu 800, kwa hiyo tangi la nusu lita likikauka taa imepungukiwa gramu 400. Zamani msuguano wa kapi ulivumilia tofauti hiyo mafuta yakipungua usiku. Leo tangi ni tupu daima, na kapi zikipakwa mafuta zikawa laini, taa hupaa. Rudisha uzito huo ndani ya tangi, au upunguze jiwe. Na ukikuta tangi bado halijatobolewa, nakusihi usilitoboe. Fundi mzuri atatengeneza kipande cha kukaa pale penye kichwa cha utambi, kikashika holda, na waya ukatokea ubavuni. Taa itabaki nzima, na siku ukitaka kuirudishia chemni utairudishia.

Kisha kuna waya. Nyaya za zamani zilivikwa mpira na uzi, na mpira huo ukizeeka huwa mgumu na kukatika kama ganda. Katika taa ya kawaida waya umetulia tu, lakini hapa unakunjika juu ya kapi kila unapoisogeza taa, kwa hiyo ni lazima ubadilishwe, hata kama muuzaji ameiwasha mbele yako ikawaka. Usikubali fundi akuwekee waya mgumu wa ukutani. Unatakiwa waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba ndani, umevikwa kitambaa, mviringo, na unene wake ukae sawa kwenye mfereji wa kapi. Ukiwa mnene utakwama, ukiwa mwembamba utatoka nje ya mfereji. Katika zile za umeme zenye jiwe la kauri waya huohuo ndio unaobeba kofia, kwa hiyo pale unapoingia kwenye holda lazima pawe na kibano kinachoushika, ili uzito usivute viungo vya umeme. Na ikiwa taa ni ya shaba au chuma, waya wa ethi hauna mjadala. Nyingi za kale hazikuwa nao. Rangi za zamani pia zisikuchanganye: kwenye taa ya Kiingereza nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro, ilhali siku hizi ni kahawia na bluu. Fundi apime kwa mita, asiamini macho.

Kuitundika, kumbuka kwamba kapi na jiwe vinaongeza uzito, na mkono unaivuta taa kila siku. Kulabu iingie kwenye boriti nzima au kwenye zege. Ubao wa jipsamu hauwezi kuibeba. Angalia pia feni ya dari, jambo ambalo vitabu vya Ulaya havitakwambia. Upepo wa feni huizungusha taa, minyororo ikajisokota na kutoka kwenye kapi, na kofia ikipandishwa karibu na mapanga ya feni ni hatari. Mimi niliihamisha feni upande wa pili wa chumba nikaiachia taa nafasi yake. Juu ya meza, ukingo wa kofia ukiwa sentimita 60 hadi 75 kutoka ubao wa meza, watu wanaonana bila kupigwa na mwanga machoni. Pale panapopitwa, iweze kupanda zaidi ya mita 2 kutoka sakafuni.

Kuhusu ukale wenyewe, taa nyingi za shaba zinazouzwa kama za enzi ya masultani ni mpya kutoka India, ambako mji wa Moradabad umejaa wafua shaba hodari. Hakuna aibu kununua ya Moradabad, ila lipa bei ya Moradabad. Tazama mahali panaposuguana: pete za mnyororo, mfereji wa kapi, tundu la ekseli. Taa iliyovutwa miaka mingi imelika hapo, na weusi wa dawa ya kuizeesha shaba haulingani na kulika. Sumaku nayo ishikishe kwenye mwili wa taa, maana shaba haivutwi na sumaku. Ukiwa unanunua kwa mbali, omba video ya taa ikivutwa, na uzito wa kofia kwa gramu. Usafirishwaji ufanyike jiwe likiwa limetolewa na kufungwa peke yake, la sivyo litavunja kioo njiani.

Globu ya LED ndiyo ninayopendekeza, ya mwanga wa njano wa kelvini 2700. Ya wati 8 inatosha mahali ilipokuwa ya wati 60, na haichomi kioo wala mpira.

Ukishaitundika, haitaki mengi. Hewa ya bahari itaitia shaba weusi, ukwaju utautoa, lakini usiisugue kila wiki hadi nakshi zipotee. Kwenye ekseli za kapi tia tone moja la mafuta ya cherehani, usiyagusishe waya kwa sababu mafuta huharibu mpira. Na pale waya unapokunjika juu ya kapi, zima umeme kisha upitishe vidole mara kwa mara. Kitambaa kikianza kufumuka hapo, badilisha waya wote kabla hujaiwasha tena.