Muda wa nyongeza kwa kiwanda kinachofunga vichujio vya moshi

Nyongeza ni mwaka 1 tu, na haitolewi hivi hivi. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani, kifungu cha 112, inakipa kiwanda kilichopo hadi miaka 3 kutimiza kiwango kipya cha sumu za hewani. Mwaka wa ziada hutolewa ikiwa unahitajika kufunga vifaa. Kwenye kanuni ya zebaki kwa mitambo ya makaa ya mawe, mwisho ulikuwa Aprili 2015, waliokubaliwa wakasogezwa hadi Aprili 2016. Nyongeza hiyo ina mantiki, maana huwezi kukata bomba la moshi uunganishe kichujio huku tanuri linawaka. Unasubiri mtambo uzimwe. Ila msichanganye na msamaha wa rais wa hadi miaka 2, yaani ruhusa ya kutotimiza kiwango hicho kwa muda. Ule unadai teknolojia iwe haipatikani na usalama wa taifa uguswe.