Hesabu saa, usihesabu masomo

Swali la wiki liliuliza: mwanafunzi wa chuo ajaze masomo kila muhula ili amalize mapema, au apunguze? Naomba nijibu kwa hesabu, maana wengi hujisajili kwa kuangalia idadi ya masomo wakati kinachowaangusha ni saa.

Katika vyuo vyetu krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Ndani yake mna mihadhara, semina, maabara, kazi za nyumbani, kusoma mwenyewe na hata mitihani. Mwaka wa masomo una krediti 120, sawa na 60 kwa muhula, yaani saa 600. Zigawe kwa wiki 15 za kufundishwa, unapata saa 40 kila wiki. Mzigo kamili ni ajira kamili.

Kijana anayekaa bweni na hana kazi nyingine abebe wote. Mwaka wa kwanza kwa kawaida hana hata nafasi ya kuchagua, masomo ya lazima yameshapangwa. Hiari yake inaanzia kwenye masomo ya kuchagua na yale ya kurudia. Ugumu uko kwa mtu mwenye kazi. Hapa Tanga tunao tele: mwalimu wa Muheza, mtu wa shifti kiwandani Pongwe, karani wa shamba la mkonge, mama mwenye duka Ngamiani. Wengi wao husoma jioni, au hujiunga na Chuo Kikuu Huria, ambako mtu hujipangia kasi yake mwenyewe. Hapo ndipo tamaa ya kujaza masomo inapoingia.

Chukua karatasi, andika 168, ndizo saa za wiki. Tumfanyie hesabu mwalimu anayelala Tanga mjini na kufundisha Muheza. Usingizi wa saa 7 kwa siku unaondoa 49. Kazi, 45. Basi kwenda na kurudi, pamoja na kulisubiri, 10. Kupika, kula, kuoga, ibada na watoto, saa 4 kwa siku, 28. Jumla 132, zimebaki 36. Sasa ondoa 10 za msiba, harusi, mgonjwa wa kupeleka hospitali na kikao cha ukoo. Huku kwetu hayo hayakosekani, na anayepanga kana kwamba hayapo atakwama wiki ya tatu. Zimebaki 26. Tumia 20 kusoma, na 6 ziache zikae kwa ajili ya umeme kukatika au somo kuwa gumu kuliko ulivyodhani. Saa 20 mara wiki 15 ni 300, yaani krediti 30. Kwa mfanyakazi wa kutwa hiyo ndiyo dari, nasema bila kusita. Shahada ya krediti 360 itamchukua miaka 6 kwa mwendo huo. Chuo kina ukomo wa miaka ya kukamilisha programu, kwa hiyo aulize ukomo huo kabla ya kujisajili muhula wa kwanza.

Baada ya dari, angalia uzito wa kila somo. Somo la krediti 10 lina saa 100. Ukihudhuria mihadhara saa 3 kwa wiki na semina saa 1, wiki 15 zinakula 60. Zilizobaki 40 ni zako peke yako, na hakuna anayekuandikia mahudhurio. Hizo ndizo watu husahau. Masomo ya hesabu, uhasibu na programu za kompyuta huzila zote na kudai zaidi, kwa sababu ukikosa hatua moja huwezi kuendelea na inayofuata. Usiweke mawili ya namna hiyo katika muhula mmoja ukiwa kazini. Weka moja, ulisindikize na la kusoma na kuandika.

Wastani wa alama (GPA) nao hufuata krediti. Vyuo vikuu vingi huipa A pointi 5 na C pointi 2. Mtu akipata C kwenye somo la krediti 15 na A kwenye la krediti 5, ana pointi 55 kwa krediti 20, wastani 2.75. Zigeuze alama hizo, anapata 85, wastani 4.25. Ukibanwa, saa zako zipeleke kwenye somo zito kwanza.

Tazama na kalenda. Mwalimu ajue kwamba Novemba ina mitihani ya taifa ya Kidato cha Pili na cha Nne. Akipangiwa usimamizi, jioni zake zimekwenda. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, basi angalia imeangukia wiki gani za muhula. Kwa anayefunga, saa za usiku huliwa na futari na tarawehe. Muda unaofaa ni baada ya daku hadi alfajiri, na hautoshi kwa krediti 30. Muhula huo chukua 20.

Kosa baya kuliko yote ni kuongeza masomo ili kufidia somo ulilofeli hata baada ya sapu, yaani mtihani wa marudio. Somo la kurudia lina mihadhara yake, na aghalabu ratiba yake hugongana na somo jipya. Likiwa ni lile linalofungua mengine ya mbele, lirudie mapema na upunguze mapya. Likiwa halifungui kitu, linaweza kusubiri.

Usisajili masomo ambayo huna ada yake, kwani anayedaiwa huzuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani baada ya kusoma muhula mzima. Na anayepata bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi, asipunguze mzigo kabla ya kumwona afisa mikopo wa chuo, maana mkopo hupangwa kwa muda wa kawaida wa programu.

Mwisho wa wiki ya pili jipime. Kama tayari kuna somo ambalo hujagusa madokezo yake, liondoe kwa barua au fomu kabla dirisha la usajili halijafungwa, na nakala yenye mhuri ubaki nayo. Kuacha kuhudhuria hakukuondoi kwenye orodha, na jina likibaki humo matokeo yatakuandikia umefeli.

Msomaji, Chumbageni, Tanga